Ya Kwanza Hainywewi

Ijumaa iliyopita nilivua koti langu la kazi, nikalitundika kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Kabla sijafika getini Mama Sechelela alikuwa ameshalishusha. Alilipima kwa macho, akasema litatoa madekio mawili na kitambaa cha kushikia vitu vya moto. Hivyo ndivyo nilivyostaafu.

Nawaandikia nyinyi mnaobaki na mtambo. Vipimo, joto na siku za kulowanisha mtama viko kwenye daftari lenye jalada jekundu, na mwandiko wangu mmeuzoea. Hapa nataka kuandika juu ya woga. Nimefanya kazi zaidi ya miaka thelathini na mitano, sehemu kubwa maabara na iliyobaki hapa kwenye wiski, na muda wote huo nilikuwa na hofu moja: kwamba siku moja mtu atapofuka kwa kitu kilichopita mikononi mwangu. Namshukuru Mungu kwa hofu hiyo. Ila sipendi muirithi bila kujua ilikotoka.

Siku yangu ya kwanza maabara, mkemia mwandamizi, Bi. Theresia, alinipa chupa chafu arobaini nizioshe. Nilikuwa na shahada mpya, nikadhani amenichanganya na mtu mwingine. Hakunichanganya. "Chupa ambayo haijaoshwa inasema uongo mahakamani," alisema, "na atakayeulizwa ni wewe." Nilipomaliza akazinusa moja moja, akanirudishia kumi na moja. Alinifundisha pia kuandika lebo kabla ya kumimina. Ukimimina kwanza, alisema, simu italia. Sikumwelewa, kwa sababu siku hizo simu ilikuwa moja tu, tena ofisini kwa mkuu.

Baada ya miaka michache zililetwa chupa kutoka kwenye sherehe moja kijijini, ambako watu walikunywa wakafa na wengine wakabaki. Mmoja wa waliobaki alikuja mwenyewe, ameshikwa kiwiko na binti yake. Aliambiwa sisi ndio tunaojua, basi akataka kusikia kwa masikio yake kile kilikuwa nini. Bi. Theresia alimweleza polepole: kuna pombe inayonyweka na kuna pombe ambayo ni sumu, inaitwa methanoli, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Mtu yule akasikiliza hadi mwisho. Akasema, "Ilikuwa tamu." Kisha akashukuru, akageukia ukutani, mahali ambapo hapakuwa na mlango.

Tangu siku hiyo kila sampuli ya gongo niliipima mara tatu, wakati sheria ilidai mbili.

Nilipima gongo ya karibu vijiji vyote vya huku kwetu. Nyingi ilikuwa chafu, nyingine ilikuwa mbaya. Lakini kulikuwa na mama mmoja wa upande wa Buigiri ambaye kila alipokamatwa, na alikamatwa mara kadhaa, pombe yake ilikuwa safi kuliko hata ya dukani. Nilikwenda kutoa ushahidi kwenye kesi yake nikasema hivyo hivyo: sumu haipo. Hakimu akamtia hatiani, kwa kuwa gongo ni kosa hata ikiwa safi. Mama yule akanigeukia mimi, si hakimu.

"Sasa mkemia, kama ni safi, tumekuja hapa kufanya nini?"

Akaambiwa anyamaze. Mimi nilikaa na swali lake miaka mingi.

Niliona mtama wa Mlali, kijiji cha mama yangu, ukiliwa na fukusi mwaka wa neema kwa kukosa mnunuzi. Niliona watu wakinywa vichakani kitu wasichokijua, nami kazi yangu ikawa kuwaambia walichokunywa baada ya kukinywa. Niliomba juu ya jambo hilo miaka miwili bila kumwambia mtu. Kisha nikamwambia mke wangu, Eunike.

"Baba Neema," alisema, "kanisa limekusomesha kemia, leo unataka kupika gongo?"

"Siyo gongo. Ni wiski. Ina kibali, inapimwa, halafu inalazwa kwenye pipa miaka mitatu."

"Gongo iliyolazwa."

Hadi leo hajapata jina bora zaidi. Mchungaji wetu naye hakunifukuza. Alisema tu kwamba kwa muda masomo ya Jumapili yatasomwa na wengine. Muda huo ulifika miaka mitano. Nilikaa benchi la tatu nikasikiliza wengine wakikosea majina ya Agano la Kale, nikajifunza uvumilivu.

Nilipoacha kazi, safari ya kwanza ilikuwa kumtafuta yule mama. Nilimkuta anapepeta ulezi uani kwake. Aliniangalia kwa muda, akaweka ungo chini.

"Umekuja kunifunga tena?"

"Nimekuja kukuajiri, mama."

Alicheka mpaka majirani wakatoka. Huyo ndiye Mama Sechelela mnayemjua, anayewanyang'anya makoti.

Mtambo wetu wa shaba uligongwa na fundi wa masufuria hapo mjini, ambaye hakuwahi kuona kitu kama hicho na hakukubali kuonyeshwa mchoro mara mbili. Mapipa ya mwaloni tuliyapata yakiwa yamekwisha kutumika kwa mvinyo. Maji yalinisumbua zaidi. Maji ya kisima cha hapa yana chumvi, na kimea cha mtama kikilowekwa humo hakichangamki. Tulikiotesha mara nne kikaoza mara tatu. Mimi nilipima chumvi kwa vifaa. Mama Sechelela alionja, akatema, akasema tukinge ya mvua. Tulipata jibu moja, ila lake lilikuja siku tisa mapema.

Kwenye mtambo alikuwa mwalimu wangu. Alijua kwa sauti ya mvuke wakati wa kupunguza kuni. Na alijua zile pombe tatu zinazotoka kwenye bomba: ya kwanza inayonuka kama gundi, ya kati inayonyweka, na ya mwisho yenye harufu ya nguo mbichi. Tulitofautiana juu ya ya kwanza. Mimi husema ya kwanza hainywewi. Kwao, tangu kwa bibi yake, kikombe cha kwanza cha mpiko mpya hupelekwa kwa mkubwa wa mahali. Ndiyo kali kuliko zote, ndiyo ya heshima.

"Na hao wazee walikuwa salama?" nilimuuliza.

"Walikuwa wakiumwa kichwa siku ya pili. Walisema ni heshima imewapanda."

Kwa gongo ya mtama nilijua hatari yake si kubwa. Hata hivyo tulikubaliana: hapa kazini ya kwanza inawekwa kwenye dumu kuukuu la bluu, ya kusugulia shaba. Miaka mitano hakuikosea hata mara moja. Nataka mlikumbuke hilo, kwa sababu kosa ninaloliandika hapa halikuwa lake.

Msimu mmoja wa zabibu, wakulima waliokuwa wakiuza mvinyo walitupatia machicha wanayoyabakiza baada ya kukamua. Nikataka kujaribu. Sasa, maganda ya zabibu si mtama. Yakichachuka hutoa ile sumu kwa wingi zaidi, na hilo nililijua vizuri kuliko mtu yeyote aliyekuwa chini ya bati lile. Niliandika kwenye daftari, kwa wino mwekundu. Lakini Mama Sechelela hasomi daftari langu; yeye anausoma mtambo. Nilipaswa kumwambia kwa mdomo, nami nilikuwa nimezoea kwamba tunaelewana.

Ya kwanza ya mpiko ule sikuitia kwenye dumu. Niliikinga kwenye chupa safi ya kioo, kwa kuwa nilitaka kuipeleka maabara ikapimwe. Nikaiziba, nikaiweka juu ya meza kwenye kitambaa cheupe, nikachukua lebo niiandike. Simu ikalia. Alikuwa mchungaji. Alisema Jumapili ni Sikukuu ya Mavuno na wazee wa kanisa wamekubaliana kwamba somo nisome mimi.

Nilitoka nje kuzungumza naye, nikatembea mpaka kwenye tangi la maji na kurudi, nikamshukuru mara nyingi kuliko inavyompasa mtu mzima. Lebo niliisahau mfukoni. Asubuhi ile ile, kwenye sala ya kuanza kazi, nilikuwa nimewaeleza wenzangu juu ya malimbuko: kwamba mwenye shukrani hatoi kilichobaki, hutoa kile cha kwanza.

Sasa jiwekeni mahali pa Mama Sechelela. Zao jipya, mpiko wa kwanza, chupa nzuri isiyo ya kawaida, kitambaa cheupe, na mzee wenu wa kazi amehubiri malimbuko asubuhi. Jioni akaichukua akaipeleka kwa Mzee Ndahani.

Mzee Ndahani ndiye aliyetupatia kiwanja tulichojenga. Alikuwa mfugaji, mkubwa kuliko wote mahali hapa, hakuwa mtu wa kanisa wala hakuwa na ugomvi nalo. Jicho lake la kushoto lilikufa kwa ugonjwa wa vikope tangu utotoni. Kwa lile la kulia aliweza kumtambua ng'ombe wake kwenye kundi la mtu mwingine, ng'ambo ya korongo.

Asubuhi niliiona meza ikiwa tupu.

"Mama Sechelela, chupa iliyokuwa hapa iko wapi?"

"Nimempelekea Mzee." Alisema kwa furaha kabisa. "Ulikuwa umesahau, nikaona nisikuaibishe."

"Ile ya machicha?"

"Si ndiyo malimbuko?"

Nilishika ukingo wa meza. Alinitazama usoni, naye hakuhitaji kuelezwa zaidi. Tabasamu lake liliondoka lote kwa mara moja. Tukaingia kwenye gari bila hata kufunga mlango wa banda.

Tulimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya zizi, uso ameuelekeza kwenye jua.

"Mbukwenyi," nilimsalimu nikiwa bado mbali.

"Nani huyo?"

Mtu huyo hakuwahi kuniuliza mimi ni nani. Nilimtajia jina langu. Akaniitikia, akapangusa jicho kwa mgongo wa mkono.

"Leo kuna vumbi," alisema.

Hapakuwa na vumbi. Ilikuwa asubuhi tulivu, unaweza kuhesabu mawe ya mlimani.

Chupa ilikuwa kando yake, imebaki theluthi. Niliichukua, nikamchukua na yeye. Njiani Mama Sechelela alikaa naye nyuma, akawa anamuuliza anaona nini: hiki ni nini, Mzee, na kile? Alijibu machache. Mimi nilikuwa nikiendesha huku namwona mtu mwingine kabisa, aliyegeukia ukuta akitafuta mlango.

Hospitalini daktari wa zamu alikuwa dada mdogo, umri wa binti yangu Neema. Nilimweleza yote bila kuficha neno. Akaandika.

"Aliyepika ni nani?"

"Ni mimi."

Akanitazama kidogo, akaendelea kuandika. Kisha akasema dawa ambayo angependelea hawanayo. Iliyopo ni ile ya zamani: kumpa mgonjwa pombe safi kwa kipimo, saa kwa saa, ili mwili ushughulike nayo na kuiacha sumu itoke polepole. Wakati huo huo damu yake itaangaliwa na mambo mengine yatafanyika.

"Baba, unayo iliyo safi? Na una uhakika?"

Miaka ishirini na minne niliandika majibu yenye muhuri. Sikuwahi kuulizwa swali zito kama hilo. Nilisema ninao uhakika, nikaenda kuleta wiski yetu ya mtama, ya kati, pamoja na karatasi ya maabara inayoihusu. Daktari akaisoma karatasi mstari kwa mstari. Nilimpenda kwa hilo. Akaipima, akaichanganya na maji, akampa Mzee.

Mzee Ndahani alionja.

"Dawa yenu inafanana na ugonjwa."

"Kunywa, Mzee," Mama Sechelela alisema.

"Nakunywa. Nasema tu. Hii ni nzuri kuliko ile. Kwa nini hamkuniletea hii?"

Daktari akaandika saa na kipimo.

Ile theluthi ya chupa niliipeleka maabara niliyotoka. Joeli, niliyemfundisha kuosha chupa, aliacha kila alichokuwa akifanya. Alasiri akanipigia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Sema."

"Ipo."

"Ni nyingi?"

Akanitajia kiasi. Halafu akasema, kwa upole, kile ambacho mimi mwenyewe niliwaambia watu wengi kwenye dirisha la maabara ile ile: "Inategemea alikunywa kiasi gani."

Nikarudi kitandani nikamuuliza Mzee. Chupa ilikuwa imekwenda theluthi mbili, na kichwani nilikuwa nimekwisha kuhesabu zote tumboni mwake. Alinieleza taratibu. Alipoipokea alikwenda kwenye makaburi ya kwao, kama inavyotakiwa kwa kitu cha kwanza. Akammwagia babu yake. Akammwagia baba yake. Akammwagia mama yake mara mbili, kwa sababu alikuwa mkali na hakupenda kupunjwa.

"Na wewe?"

"Mimi nilikunywa kilichobaki kwenye kibuyu. Kama nusu. Haikuwa nzuri, nikaona sitaongeza. Nilidhani matunda ndivyo yalivyo."

Mimi ni Mkristo, nimefundishwa tangu mtoto juu ya mambo ya makaburini, na sibadilishi niliyofundishwa. Nasema tu kile kilichotokea: sehemu kubwa ya sumu yangu ilinywewa na ardhi. Nilitoka nje, nikapiga magoti nyuma ya jengo la kufulia, nikashukuru bila kuchagua maneno.

Lakini nusu kibuyu si kitu kidogo. Kutwa nzima na siku ya pili hakuna aliyeweza kusema jicho litakwenda upande gani. Mzee aliona ukungu, kisha ukungu wenye madoa, kisha akasema amechoka kuulizwa. Mama Sechelela hakula. Alikaa chini kwenye sakafu ya wodi, mgongo ukutani, na nilipomwambia kosa ni langu alisema, "Mikono ilikuwa yangu." Jumapili ikafika, ikapita. Somo la Mavuno lilisomwa na mwingine.

Jumatatu mchana daktari aliinua vidole mbele ya dirisha.

"Babu, hivi ni vingapi?"

Mzee akakunja uso.

"Viwili." Akasogea mbele. "Na hizo kucha umezipaka nini?"

Mama Sechelela alijifunika uso kwa khanga. Mimi nilikaa kwenye kitanda cha mgonjwa mwingine, ambaye alinisogezea nafasi.

Jicho halikurudi lote. Mzee aliniambia baadaye kwamba ng'ombe walio ng'ambo ya korongo anawaona, ila hawatambui mmoja mmoja. Daktari alisema huenda ni umri. Huenda. Bi. Theresia hakuruhusu neno hilo kwenye taarifa, nami nimeishi nalo tangu wakati ule.

Tulifunga mtambo, tukatoa taarifa kwa waliotupa kibali. Walikuja, wakauliza, wakaandika, wakaturuhusu kuendelea na mtama. Machicha hatukuyagusa tena, na nawasihi msiyaguse mpaka muwe na kifaa cha kupimia hapa hapa. Tangu siku hizo ya kwanza inatiwa nili ikiwa bado kwenye bomba, ili mtu yeyote, asome asisome, aione ni ya bluu. Na jambo lolote jipya kwenye mtambo linasemwa kwa mdomo, kila mtu akiwepo, na Mama Sechelela analirudia kwa maneno yake. Mnaliona kama mchezo wa asubuhi. Si mchezo.

Mzee alipokwisha kurudi nyumbani nilikwenda kwake kuungama. Nilimweleza juu ya maganda, lebo na simu. Alinisikiliza akichonga fimbo.

"Sechelela hajakosa," alisema. "Alileta ya kwanza kwa mkubwa. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kazini, Mzee."

"Miaka mitano uko kwenye ardhi hii. Hujaniletea kikombe kwa mkono wako. Unapita na gari, unanipungia." Akapuliza vumbi la mti. "Ungeileta mwenyewe, ungeijua njiani ukairudisha."

Alikuwa amesema kweli tupu. Barabara ya kwake inapita mbele ya kanisa, na mimi niliogopa kuonekana nimebeba chupa. Nilimwogopea kila mtu asipofuke, lakini kutembea na kazi yangu mkononi mchana nilimwachia mwanamke mmoja.

Pipa lililofuata lilipofunguliwa nilichukua chupa, nikaiandika lebo kabla sijamimina ile ya kati. Sikuifunga kwenye gazeti. Nilikwenda kwa miguu saa sita, wakati akina mama wa umoja wa kanisa wanatoka mazoezi ya kwaya. Nikawasalimu mmoja mmoja. Mama mmoja akauliza kama ile ni ya mchungaji. Nikamwambia hapana, ni ya Mzee Ndahani, ila mchungaji akitaka anajua nilipo.

Mzee alitoa vibuyu viwili vidogo, akamimina, akanisogezea kimoja.

"Anza wewe."

"Mzee, mimi huwa naonja na kutema. Sijawahi kumeza."

"Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote."

Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa kuna mchungaji wa ng'ombe asiyejua maziwa.

"Pale kwako tema," alisema. "Hapa kwangu unameza. Sogea huku kwenye mwanga nikuone vizuri."

Nikasogea. Nikaomba kimoyomoyo, nikanywa. Jicho lake halikuniacha mpaka koo langu lilipotulia, na hata baada ya hapo alingoja kidogo. Ndipo akainua cha kwake.